Ushauri kwa Wanaoanza Kuuza Mabati: Pima Kwanza, Uza Baadaye

Mada iliyoandaliwa kwa wakazi wa Kisii na Nyamira wanaoingia katika biashara ya vifaa vya kuezekea



Familia nyingi za hapa Gusii hujenga nyumba ya kudumu mara moja tu maishani. Pesa za mabati hutoka kwenye bonasi ya majani chai, kwenye ndizi zinazouzwa Daraja Mbili au Keroka, kwenye chama cha akina mama, au kwa mtoto aliye kazini Nairobi. Anayeingia dukani huwa amebeba akiba ya miaka. Hatarudi mwaka ujao kununua paa lingine. Watakaokuja ni jirani zake, na watakuja ikiwa paa la kwanza halikuvuja.

Kwa hivyo biashara hii inategemea ukweli wa vipimo. Na kipimo cha kwanza ni geji.

Wateja wengi hudhani bati la geji 32 ni zito kuliko la geji 30, kwa sababu 32 ni kubwa kuliko 30. Ni kinyume chake. Namba ikipanda, unene hushuka. Geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Muuzaji akinyamaza mteja anapokosea hapa, atauza haraka siku hiyo. Lakini eneo letu hupigwa na mvua ya mawe na upepo mkali, na bati jepesi halifichi siri kwa muda mrefu. Tena Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza kumwambia mnunuzi kwamba bidhaa ni ya ubora au daraja isilokuwa nalo.

Njia bora ni kuweka vipande vya geji tofauti juu ya kaunta, mteja avishike na kujaribu kuvikunja mwenyewe. Kisha aonyeshwe alama ya ubora ya KEBS na namba ya kibali iliyo chini yake. Namba hiyo inaweza kuhakikiwa papo hapo kwa kutuma ujumbe wenye herufi SM, alama ya # na namba yenyewe kwa 20023. Mteja akihakiki kwa simu yake mwenyewe, mabishano huwa yamekwisha. Mwenye pesa kidogo asidharauliwe: bati la geji 32 linafaa kwa jiko la nje au banda la ng'ombe, mradi aelezwe wazi anachonunua.

Kipimo cha pili ni idadi. Mabati hulaliana, kwa hivyo upana unaofunika ni mdogo kuliko upana wa bati lenyewe. Tuseme paa lina urefu wa mita 9 na kila upande unatosha bati moja kwenda chini. Bati likiwa na upana wa sentimita 90 lakini likafunika 75 baada ya kulaliana, kila upande utahitaji mabati 12, yaani 24 kwa nyumba nzima. Anayegawanya kwa 90 atauza mabati 20. Mteja atagundua upungufu fundi akiwa juu ya paa na wingu limetanda upande wa Manga, kisha alipe boda boda au pikapu mara ya pili. Ni afadhali muuzaji aende nyumbani kwa mteja na futi ya kupimia, aandike idadi ya mabati, kofia za paa na misumari yenye raba, na bei ya kila kimoja.

Fundi naye asisahaulike. Yeye ndiye huulizwa duka gani lina mabati mazuri. Ikiwa analipwa chochote kwa kuleta mteja, malipo hayo yasifichwe ndani ya bei.

Muuzaji mpya ajue pia majira. Mvua ndefu huanza Machi hadi Mei, na nyingine huja kuanzia Septemba. Bonasi ya chai kwa kawaida hulipwa karibu Oktoba, lakini Januari pesa zote huenda shuleni. Akopaye mtaji ili ajaze ghala Januari atalipa riba akitazama mabati yake.

Chama ni mteja mzuri. Katika Mkoa wa Kati wa zamani, akina mama waliunda vikundi vya mabati tangu miaka ya 1960, wakichanga na kuezekeana nyumba kwa zamu. Vyama vya hapa vinaweza kuuziwa kwa mpango huohuo: bei moja iliyoandikwa, nyumba moja baada ya nyingine, risiti kwa kila malipo. Arubuni isipokelewe kwa mabati ambayo hayapo.

Mwenye kuuza bati auze na mifereji ya paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ni lita moja ya maji. Paa linalofunika mita mraba 45 hupokea lita 900 mvua ikinyesha milimita 20. Kwa mama anayepanda mlima kutoka chemchemi na mtungi wa lita 20, hesabu hiyo haihitaji maneno mengi.

Mwisho, upepo ukiezua nyumba usiku, mwenye nyumba huja asubuhi akiwa hana nafasi ya kubishana bei. Muuzaji anayemtoza bei ya jana hupata faida ndogo siku hiyo, na kijiji kizima hukumbuka jina la duka lake.