Mlima Nyuma ya Swichi

Mteja wa umeme wa jimbo la North Carolina, Marekani, akiwasha taa jikoni, haoni mlima. Bili yake ina uniti na dola, basi. Ila kwa miaka mingi sehemu ya makaa ya mawe yaliyochomwa kumpatia umeme huo ilitoka milima ya Appalachia, katika majimbo ya West Virginia na Kentucky, ambako kilele kizima hulipuliwa kwa baruti ili makaa yafikiwe. Msitu hufyekwa kwanza. Kisha mwamba hupasuliwa, na kifusi humwagwa bondeni, juu ya kijito. Mwaka 2010 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilikadiria kuwa karibu kilomita 3,200 za vijito zilikuwa zimefukiwa tangu 1992. Maji yanayochuruzika chini ya kifusi hubeba seleniamu, ambayo huwatia samaki vilema.

Sheria ipo, ya mwaka 1977, inayotaka mlima urudishiwe umbo lake. Sheria hiyo hiyo inaruhusu usirudishiwe, mradi ardhi ipangiwe matumizi mengine. Mlango wa nyuma huo, lori linapita!

Mteja ahamie kampuni nyingine? Hawezi, North Carolina kila eneo lina muuzaji wake mmoja wa umeme. Kilichobaki ni kwenda kwenye vikao vya tume inayopanga bei, akaulize makaa yalichimbwaje. Hata hivyo matumizi ya makaa yamepungua: mwaka 2005 yalizalisha karibu nusu ya umeme wa Marekani. Siku hizi hayafiki robo. Hapo, tuseme kweli, gesi ya bei nafuu ilifanya kazi kubwa kuliko malalamiko ya wateja.