Kwa Nini Afisa wa Afya Huuliza Maswali Mengi
Maneno yaliyoandaliwa kwa baraza la wakazi kuhusu mafunzo ya kufuatilia milipuko ya magonjwa



Aprili 2004, wagonjwa wenye macho ya manjano walianza kufika hospitalini Ukambani, ini likiwa limeshindwa kufanya kazi. Wengine walikuwa wa nyumba moja. Ingekuwa rahisi kudhani ni homa ya ini inayoambukiza, au hata mkono wa mtu. Kumbe ilikuwa ugali.

Jambo hilo lilijulikanaje? Maafisa walikwenda vijijini wakawauliza waliougua: mahindi mliyokula yalitoka wapi, yalikauka vizuri, yaliwekwa wapi? Kisha wakawauliza majirani wasiougua maswali yale yale. Hapo ndipo wananchi wengi hukasirika, na si ajabu: mtu mzima wa afya anaulizwa maswali ya nini? Lakini kama wagonjwa wote wanakunywa maji ya kisima kimoja, na majirani walio wazima nao wanayanywa, basi kisima huenda hakina hatia. Inabidi kutafuta walipoachana. Ukambani waliachana kwenye mahindi: yaliyolimwa nyumbani na kuhifadhiwa yakiwa na unyevu, yakaota kuvu na sumu ya aflatoksini. Maabara ikapima mahindi na damu, ikathibitisha. Kufikia Julai 20 wagonjwa 317 walikuwa wamehesabiwa Makueni, Kitui, Machakos na Thika. 125 kati yao walifariki.

Mwaka huo huo wa 2004 Kenya ilianzisha mpango wake wa mafunzo ya epidemiolojia ya nyanjani na maabara, chini ya Wizara ya Afya. Ngazi ya juu huchukua miaka miwili na kumpatia mhitimu shahada ya uzamili. Ngazi ya kati ni kama miezi tisa. Ile ya msingi, inayomhusu zaidi afisa wa mashinani, ni takriban miezi mitatu.

Malalamiko yanayosikika mara nyingi ni haya: foleni ni ndefu, wahudumu ni wachache, na bado wanapelekwa masomoni. Ni malalamiko ya haki. Ila katika ngazi ya msingi siku za darasani ni chache. Muda mwingi mwanafunzi yuko kituoni mwake, na kazi za masomo ni kazi za kituo. Anafungua daftari la wagonjwa na kuhesabu wa kuhara wiki baada ya wiki. Analinganisha daftari na ripoti iliyotumwa. Mara nyingine haviafikiani hata kidogo, na kugundua hilo peke yake ni faida.

Upande wa maabara hauonekani sana barazani, lakini hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Kwa mgonjwa anayeshukiwa kuwa na kipindupindu, ni vizuri kinyesi kichukuliwe kabla hajapewa dawa za kuua bakteria, bila kumchelewesha kupata maji ya chumvi na sukari. Damu inayotafutwa virusi lazima isafiri kwenye baridi. Chupa isiyo na jina wala tarehe haimsaidii mtu yeyote, hata ikifika kwenye mashine bora Nairobi.

Madaktari wa mifugo nao husomea mpango huu. Mwishoni mwa 2006, baada ya mvua kubwa, homa ya Bonde la Ufa ilizuka upande wa Garissa, ikaua mifugo na zaidi ya watu 150 nchini kabla ya kuisha mwaka uliofuata. Mfugaji anayeona mbuzi wake wote wanatupa mimba kwa mpigo amekwisha kuona dalili ambayo hospitali huenda ikaiona baadaye sana.

Lengo linalotumika sasa katika nchi nyingi ni siku saba kuugundua mlipuko tangu uanze, siku moja kuarifu, na siku saba nyingine kukamilisha hatua za kwanza za kuuzuia. Isemwe wazi: mafunzo peke yake hayafikishi huko. Cheti hakibebi sampuli. Pikipiki yenye mafuta ndiyo inayoibeba. Na afisa aliyefunzwa akihamishiwa kazi isiyohusiana na ufuatiliaji, wakazi wana haki ya kuuliza nani ameshika daftari lake.

Siku saba za mwanzo, hata hivyo, ziko mikononi mwa wakazi zaidi ya mtu yeyote. Watu wawili au watatu wakiugua kwa namna moja baada ya karamu au matanga, mwambieni mhudumu wa afya ya jamii siku hiyo hiyo. Afisa akija, mtajieni chakula chote, hata kile cha kuonea haya, na mliokuwa wazima pia mjibu. Mahindi yanayoshukiwa msiyape kuku wala ng'ombe, wala msiyauze. Yawekeni kando, watoto wasiyafikie, mpaka sampuli ichukuliwe.