Chuma cha Liganga na mkaa wa mabua
Mpango wa siku nyingi ni kuyeyusha chuma cha Liganga, Ludewa, kwa makaa ya mawe ya Mchuchuma. Lakini kuondoa oksijeni kwenye mawe ya chuma hata mkaa wa mimea huweza: mafundi wa Buhaya walifanya hivyo zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, na Brazili hutumia mkaa wa mikaratusi hadi leo. Mkazi wa Issenye, jirani wa Hifadhi ya Serengeti, atauliza: miti ipi tena? Ana haki. Basi mkaa utoke kwenye mabua, kama yale ya pamba ambayo mkulima huamriwa ayang'oe na kuyachoma baada ya mavuno. Ni kweli, mkaa huo hupondeka kwenye tanuru refu. Kwa hiyo usagwe, upulizwe ndani pamoja na hewa ya moto kutoka chini, upunguze matumizi ya makaa ya mawe, si kuyafuta.