MAPIGO YA MOYO YA MTOTO BAADA YA HOMA

(Matini ya mazungumzo ya daktari wa maradhi ya watoto mbele ya watumishi wa Serikali, walimu wakuu, masheha na wananchi)





Nimetakiwa nizungumzie maradhi ambayo si ya kila siku, lakini yanapompata mtoto hayatoi muda mrefu wa kushauriana. Nayo ni uvimbe wa misuli ya moyo, na khasa kasoro za mapigo zinazoambatana nao.

Moyo una umeme wake. Cheche huanzia sehemu ya juu, hupita katika njia maalumu hadi vyumba vya chini, na moyo ukajikunja kwa mpango. Virusi, mara nyingi vile vile vya mafua au vya tumbo, vikiishambulia misuli hiyo, njia za umeme huvurugika. Hapo ama mapigo huenda mbio kupita kiasi, ama cheche hukwama njiani, mapigo yakawa ya polepole mno na mtoto akazirai. Mbio hizo zikizuka katika vyumba vya chini, moyo huweza kubaki ukitetemeka tu pasi na kusukuma damu, na mtoto hufariki katika dakika chache asipopata msaada.

Tabu iko katika utambuzi. Mtoto huletwa akiwa anatapika, anaumwa na tumbo au anapumua kwa haraka, akadhaniwa ana malaria, pumu au homa ya mapafu. Aliyezirai huambiwa ana kifafa, na tuseme kweli, wapo wanaoambiwa wana shetani. Inafaa ifahamike pia kwamba dripu ya maji mengi kwa haraka, ambayo humwokoa mtoto aliyeharisha sana, yaweza kumzidishia maradhi mtoto ambaye moyo wake umechoka.

Hata hivyo, ipo njia nyepesi ya kushuku. Mtoto akiwa amelala, wekeni mkono kifuani na mhesabu mapigo kwa dakika 1 kamili. Homa hupandisha mapigo, lakini kwa kadiri: takriban mapigo 10 kwa kila nyuzi 1 ya joto inayozidi. Mtoto wa miaka 10 ambaye homa yake imeshuka, naye kalala, kisha moyo unapiga mara 150, hiyo si homa tena. Hali kadhalika, moyo wa mtoto mgonjwa unaopiga mara 45 si dalili ya utulivu. Mtoto wa namna hiyo, au aliyezirai baada ya homa, apelekwe siku hiyo hiyo. Mzazi wa Tumbatu au Kojani asingoje boti ya kesho akitaraji ataamka na nafuu.

Kwa mnasaba huo, naomba nitaje dondakoo. Maradhi haya yanazuilika kwa chanjo, lakini yalirejea kwa kishindo nchini Nigeria kuanzia mwisho wa mwaka 2022, na wengi wa waliougua walikuwa watoto wasiokamilisha chanjo. Sumu ya dondakoo hudhuru moyo kwa hila: mara nyingi huanza kuonekana katika wiki ya kwanza au ya pili, wakati koo linapona na wazee wanashukuru. Dawa ya kuizima sumu hiyo haifai kitu kwa ile iliyokwisha kushika misuli, ndiyo maana kila saa ina thamani. Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ni kinga ya moyo pia.

Hospitalini, kipimo cha umeme wa moyo huchukua dakika chache wala hakiumi. Mwenye mapigo ya polepole mno huweza kuwekewa kwa muda kifaa cha kuendesha mapigo, na kwa wengi njia ya umeme hufunguka tena baada ya siku kadhaa. Watoto wengi hupona, hata baadhi ya waliofika wakiwa taabani.

Sasa nageukia skuli, kwani hapa ndipo penye hatari inayosahauliwa. Mtoto aliyeruhusiwa kutoka hospitali huonekana mzima, lakini moyo wake bado una makovu mabichi, na mbio zaweza kuyaamsha yale mapigo maovu. Kwa kawaida huzuiwa michezo kwa miezi 3 hadi 6, mpaka apimwe upya. Mwalimu asimtoe katika mchakamchaka kwa fimbo wala kwa kumfanyia mzaha, na cheti cha daktari kiwekwe mahali ambapo mwalimu mgeni naye atakiona. Mwenyewe mtoto atasema yuko tayari. Asisikilizwe katika hilo.

Aidha, nawaomba Wakuu wa Idara wasimcheleweshee ruhusa mtumishi anayempeleka mtoto kupimwa, kwani miadi hiyo huja mara kadhaa hata baada ya mtoto kurudi darasani.

 Niko tayari kwa masuali.