Kabla ya Kuvaa Magwanda, Soma

Vijana wa hapa Moshi wameniuliza: wanataka kuigiza vita vya Mangi Meli na Wajerumani, waanzie wapi? Nikawajibu: anzeni na vitabu, fundi cherehani atasubiri.

Someni historia ya Wachagga aliyoiandika Kathleen Stahl mwaka 1964. Mwaka 1892 Meli aliwashinda Wajerumani, na kiongozi wao, von Bülow, akafa. Mwaka uliofuata walirudi na jeshi kubwa, wakamshinda. Tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga Old Moshi pamoja na wenzake.

Kisha someni "Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera" cha Petro Itosi Marealle, mjue wapiganaji hao waliishije nyumbani.

Mkisoma mtakutana na jambo chungu. Askari wengi wa Mjerumani walikuwa Waafrika, na Mangi Marealle wa Marangu alikuwa upande wake. Je, nani kati yenu atakubali kuvaa nguo za askari yule? Asipopatikana, mtakuwa mmecheza ngoma ya kujisifu tu. Wajukuu wa pande zote mbili wangali wanakutana soko la Mbuyuni. Waonyesheni yote.