Wimbo wa Uwanjani na Lugha ya Darasani

(Yafuatayo ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma.)



Nimetakiwa niseme juu ya utamaduni na michezo. Jambo hili likisemwa kwa jumla huishia katika maneno matamu yasiyomgusa mtu, kwa hiyo nimeona heri nichukue taifa moja dogo, tulitazame kwa makini. Taifa hilo ni Wales, ambalo kwa Kiswahili huitwa Welisi: nchi ya watu wapatao milioni 3, jirani ya Uingereza upande wa magharibi, iliyounganishwa na Uingereza hiyo kwa sheria za karne ya 16. Kati ya majirani hao wawili, mmoja mkubwa na mwingine mdogo, suala la lugha halijapata kulala hata siku moja.

Mwezi Julai 2025, timu ya wanawake ya Welisi ilicheza kwa mara ya kwanza katika mashindano makubwa ya kandanda, yaani Kombe la Ulaya la Wanawake, nchini Uswisi. Nafasi hiyo waliipata kwa jasho. Katika mchujo wa mwisho walitoka sare ya 1-1 na Jamhuri ya Ayalandi mjini Cardiff, kisha wakawashinda kwa mabao 2-1 huko huko Dublin, mwezi Desemba 2024. Kikosi cha kwenda Uswisi kilitangazwa kileleni mwa Yr Wyddfa, mlima mrefu kuliko yote ya Welisi, ambao wageni wameuita Snowdon kwa karne nyingi, mpaka mamlaka ya hifadhi ilipoamua mwaka 2022 kulitumia jina la wenyewe. Timu nayo ilijitambulisha kwa jina la Cymru, ambalo ndilo jina la nchi katika lugha yake. Serikali ya Welisi ilitenga pauni milioni 1 kuzisaidia taasisi za michezo, za vijana na za utamaduni, ili lugha na muziki visafiri pamoja na wachezaji, na waliobaki nyumbani wapate nao kusherehekea.

Na mpira ulikwendaje? Walifungwa 3-0 na Uholanzi, 4-1 na Ufaransa, 6-1 na Uingereza, ambayo mwishowe ndiyo iliyotwaa kombe. Bao la kwanza kabisa la wanawake wa Welisi katika mashindano ya namna hiyo lilifungwa na Jess Fishlock, akiwa na umri wa miaka 38. Mabao 13 ya kufungwa, 2 ya kufunga, wakarejea nyumbani.

Mtu wa hesabu atauliza: je, fedha za umma zinatumikaje katika nyimbo wakati timu inafungwa? Swali hilo ni halali, na mtumishi wa umma ana wajibu wa kuliuliza. Lakini ili tulijibu hatuna budi kurudi nyuma kidogo, tuone nyimbo hizo zilitoka wapi, na wanawake hao walitoka wapi.

Mwaka 1847 Serikali ya London ilichapisha taarifa ya uchunguzi wa shule za Welisi. Wachunguzi watatu walitumwa, na hakuna hata mmoja kati yao aliyejua Kiwelisi. Waliandika kwamba lugha hiyo ni kizuizi cha maendeleo ya watu, na wakaongeza kuwa wanawake wa nchi hiyo wana tabia mbovu. Wawelisi waliita taarifa hiyo Usaliti wa Vitabu vya Buluu, kwa sababu ya rangi ya majalada yake. Hebu tazameni jinsi matusi hayo mawili, la lugha na la wanawake, yalivyofungwa katika kitabu kimoja. Aghalabu ndivyo inavyokuwa: atakaye kulidharau taifa huanza na ulimi wake, kisha humgeukia mama anayewafundisha watoto ulimi huo.

Katika karne hiyo hiyo palikuwa na desturi katika shule nyingi ya kumvisha mtoto kibao shingoni akisikiwa anasema Kiwelisi. Mtoto huyo alikiondoa kwa kumnasa mwenzake, na aliyekutwa nacho mwisho wa siku aliadhibiwa. Bila shaka wengi wenu mmekwisha kuitambua desturi hiyo. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwezi Mei 2025, aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 kama ilivyotumika katika shule za Kenya wakati wa ukoloni: kifungo kilipita mkono kwa mkono, na kila mtoto akawa mpelelezi wa mwenzake. Mbinu ni ile ile, ingawa mabara ni mawili. Liko jambo moja chungu ambalo sisi walimu hatupaswi kulikwepa: huko Welisi waliokitundika kibao hicho mara nyingi walikuwa walimu Wawelisi wenyewe, na wazazi wengi waliridhia, wakiamini kwamba mtoto atapata kazi iwapo ataisahau lugha ya nyumbani.

Mintarafu ya muziki, mambo yalikwenda kinyume cha matarajio ya wachunguzi wale. Mwaka 1856, yaani miaka 9 tu baada ya taarifa hiyo, mfumaji wa sufu wa mji wa Pontypridd, Evan James, alitunga maneno, na mwanawe James James, mpiga kinubi, akatunga lahani. Wimbo huo ukawa wimbo wa taifa, tena bila amri ya serikali yoyote. Mwezi Desemba 1905, katika mchezo wa raga mjini Cardiff, wageni kutoka New Zealand walipomaliza ngoma yao ya vita, wenyeji waliwajibu kwa wimbo huo. Inasemekana kuwa hiyo ndiyo mara ya kwanza wimbo wa taifa kuimbwa kabla ya mchezo wa kimataifa. Desturi tunayoiona leo ya kawaida kabisa, ya timu mbili kusimama mstari na kuimba, ina mizizi katika jibu la watu wadogo kwa wageni wao.

Watu hao waliwezaje kuimba kwa sauti nne, wengi wao wakiwa wachimba makaa na watumishi wa majumbani? Chombo chao kilikuwa solfa, ile ile do, re, mi wanayoitumia wanakwaya wetu. Chanzo chake ni mwalimu wa kike wa Norwich, Sarah Glover, kisha mchungaji John Curwen akaiendeleza. Ilikuwa rahisi kuichapisha, na mtu asiye na kinanda aliweza kujifunza. Ilienea katika makanisa ya Welisi, ikafika Afrika na wamisionari. Mwaka 1897 mwalimu Enoch Sontonga wa Afrika Kusini alitunga lahani ambayo sisi leo tunaiimbia Mungu Ibariki Afrika, naye aliiandika kwa solfa. Wapo waliodai kwamba lahani hiyo ina nasaba na ile iitwayo Aberystwyth ya Joseph Parry, mzaliwa wa Merthyr Tydfil huko Welisi. Wapo waliolikataa dai hilo kwa nguvu. Sioni haja ya kuamua kesi hiyo hapa. Yatosha kwamba walimu wawili wa mabara mawili walitumia herufi zile zile kuwafundisha maskini kuimba.

Wiki zile zile ambazo wanawake wa Welisi walikuwa Uswisi, Twiga Stars wetu walikuwa Morocco katika Kombe la Afrika la Wanawake. Tarehe 11 Julai walitoka sare ya 1-1 na Afrika Kusini. Lahani ya Sontonga imo katika nyimbo za taifa za nchi zote mbili. Twiga Stars nao hawakuvuka hatua ya makundi, lakini sijamsikia mwananchi aliyesema kwamba kwa kuwa hawakuvuka, basi haikufaa waimbe.

Narudi kwa wanawake. Chama cha mpira cha Uingereza kiliwapiga marufuku wanawake kutumia viwanja vyake mwezi Desemba 1921, na kile cha Welisi kikafuata mwaka 1922. Marufuku hiyo ilidumu mpaka 1970. Hata baada ya hapo timu yao haikuwa na mlezi rasmi. Mwaka 1992 wachezaji watatu, Laura McAllister, Michele Adams na Karen Jones, walimwendea katibu wa chama na kudai watambuliwe, na mwaka uliofuata chama kikaichukua timu. Laura McAllister baadaye alipata kuwa makamu wa rais wa shirikisho la kandanda la Ulaya. Basi wale wanawake walioimba uwanjani St. Gallen mwaka 2025 walikuwa wamerithi marufuku mbili, ya mpira na ya lugha.

Lugha nayo ilipiganiwa hivyo hivyo, hatua kwa hatua, na aghalabu mezani pa mwalimu. Mwaka 1939 shule ya kwanza ya msingi ya kufundisha kwa Kiwelisi ilifunguliwa mjini Aberystwyth ikiwa na wanafunzi 7, na mwalimu wao alikuwa Norah Isaac. Mwaka 1980 mwanasiasa Gwynfor Evans alitangaza kwamba atafunga kula hadi kufa iwapo Serikali haitatimiza ahadi yake ya televisheni ya Kiwelisi. Serikali ikalegea, na matangazo yakaanza mwezi Novemba 1982. Mwaka 1983 mwimbaji Dafydd Iwan, ambaye alipata kufungwa mwaka 1970 kwa ajili ya kampeni ya kudai vibao vya barabarani vya Kiwelisi, alitoa wimbo wake Yma o Hyd, maana yake Bado Tuko Hapa. Miaka karibu 40 baadaye, mwaka 2022, chama cha mpira kikaufanya wimbo rasmi wa timu ya wanaume ilipokwenda Kombe la Dunia. Na sheria ya mwaka 2011 iliipa lugha hiyo hadhi rasmi, hata ofisi za umma zikawekewa kanuni za kumhudumia mwananchi kwa Kiwelisi.

Ndugu Mwenyekiti, hapa ndipo furaha yangu inapopungua. Sensa ya mwaka 2011 ilionyesha kwamba asilimia 19 ya wakazi wa miaka 3 na zaidi walisema Kiwelisi. Sensa ya 2021 ilionyesha asilimia 17.8, yaani watu wapatao 538,000. Upungufu mkubwa ulikuwa miongoni mwa watoto: wa miaka 5 hadi 15 walishuka kutoka asilimia 40.3 hadi 34.3. Ni miaka hiyo hiyo ambayo viwanja vilikuwa vikijaa wimbo. Maelfu huimba kwa moyo wote maneno ambayo nje ya lango la uwanja hawawezi kuyatumia kununulia mkate. Wimbo unaweza kuishi baada ya lugha yake, kama ganda la konokono lililobaki pwani.

Kwa hiyo yule mtu wa hesabu namjibu hivi. Pauni zile hazikupotea kwa sababu ya mabao 13. Zitakuwa zimepotea ikiwa mtoto wa kike aliyemwona Fishlock akifunga, akajifunza wimbo kwa ajili ya mashindano, alirudi shuleni mwezi Septemba asimpate mwalimu wa kumfundisha lugha ya wimbo huo, au mama yake alikwenda ofisini akajibiwa kwamba karani anayejua Kiwelisi yuko likizo. Serikali ya huko imeweka shabaha ya wasemaji milioni 1 ifikapo mwaka 2050. Shabaha hiyo haitafikiwa na bendi za uwanjani. Itategemea vyuo vya ualimu vitatoa walimu wangapi kila mwaka, na ofisi zitawaajiri makarani gani. Sensa yao nyingine imepangwa kufanywa mwaka 2031, na mtoto aliyekuwa na miaka 5 wakati wa mashindano yale atakuwa na miaka 10 au 11 siku atakapoulizwa.