KUMSIFU MTU KWA KIINGEREZA

Maelezo ya Mratibu wa Miradi katika semina ya kamati za usharika, Mbangala, Mkoa wa Songwe



Najua wengi wenu mlitegemea nianze na bajeti. Bajeti tutaizungumza mchana. Asubuhi hii nataka tuziangalie barua tunazowaandikia wafadhili kuwaombea vijana wetu nafasi za masomo. Yupo binti mmoja aliyekosa nafasi ya uuguzi kwa sababu ya maneno ya barua, na aliyeiandika barua hiyo ni mimi.

Niliandika kwamba binti huyu ni "humble", ni "obedient", hana ugomvi na mtu, na mwisho nikaweka "she is trying". Kwa mawazo yangu ya Kiswahili nilikuwa nimemsifu sana. Mtoto mnyenyekevu, mtiifu, anayejitahidi: ni mzazi gani hapa asingefurahi? Jibu likaja kwamba nafasi amepewa mwingine. Baadaye mgeni mmoja aliyeisoma nakala aliniuliza kwa upole kama binti alikuwa na shida darasani. Nilishangaa, maana alikuwa wa kwanza katika darasa lake miaka miwili mfululizo. Mgeni akasema, "Sasa mbona hukuandika hivyo?"

Sikuwa na la kujibu. Kwa Mwingereza, "she is trying" maana yake anajaribu lakini bado hajaweza. Tena neno hilo hilo "trying", likisemwa juu ya tabia ya mtu, maana yake ni kwamba anawachosha wenzake! Na unyenyekevu, ambao kwetu ni sifa kubwa, peke yake haumwambii msomaji kama mtoto ataimudu kazi ya wodini.

Mwanafalsafa Mwingereza Paul Grice alitoa mfano unaofanana na huu katika makala yake iliyochapwa mwaka 1975. Mwalimu anaombwa barua ya mwanafunzi anayetafuta kazi ya kufundisha falsafa. Anaandika tu kwamba kijana anajua Kiingereza vizuri na huhudhuria masomo bila kukosa. Hakuna baya lililosemwa, lakini kila msomaji anaelewa: juu ya falsafa yenyewe, mwalimu hakuwa na jema la kusema. Kumbe katika barua hizi jambo ulilolinyamazia nalo linasomwa. Sisi tunanyamaza kwa adabu, tukiogopa kujikweza, wao wanasoma kwamba hakuna kitu.

Lugha yetu yenyewe ina msaada hapa. Neno "sifa" tumelipata kwa Waarabu, na lina maana mbili: kumtukuza mtu, na pia hali aliyo nayo, kama tunaposema "sifa za mwombaji". Ukitaja sifa zake za kweli, yaani alama, kazi aliyoifanya na mwaka alioifanya, umekwisha kumsifu. Neno la Kiingereza "praise" lina asili moja na "price", bei. Wao wanathamanisha. Andika kwamba aliongoza vijana arobaini wa kwaya kwa miaka mitatu, kama ni kweli, na barua itatosha hata bila "very, very good". Maneno kama "satisfactory" na "fair" yaacheni. Katika ripoti ya shule yanaonekana mazuri, lakini katika barua ni baridi. "Quite good" nalo ni la hatari: Mmarekani hulisikia kama nzuri sana, Mwingereza kama nzuri kiasi.

Sasa neno "kupendekeza". Sisi tunalitumia kwa mambo mengi, wao wamelikata vipande. Wazo likitolewa tu mkutanoni ni "suggest". Likiletwa rasmi ili lijadiliwe ni "propose". Ukitaja jina la mtu agombee ni "nominate". Ukisema "recommend", umeweka jina lako nyuma ya mtu huyo. Asili yake ni Kilatini, kumkabidhi mtu mikononi mwa mwingine. Ndiyo maana nafurahi kwamba katika Warumi 16 Biblia yetu ya Union Version imetumia neno kukabidhi pale Paulo anapomtambulisha Fibi.

Lakini linalonitia hofu zaidi ni "mdhamini". Kwetu mdhamini ni anayemjua mwombaji, ni anayelipa ada, ni anayemtoa mtu mahabusu, na ni mjumbe wa Bodi ya Wadhamini. Kiingereza kina neno lake kwa kila mmoja: "referee", "sponsor", "surety", "trustee". (Ndiyo, "referee" ni huyo huyo wa filimbi uwanjani, msicheke.) Na kuna "guarantor". Huyu yumo katika fomu za mikopo, kama za Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na saini yake inamfunga kwenye deni. Paulo kwa Fibi alikuwa "referee". Kwa Onesimo, katika barua kwa Filemoni, alikuwa "guarantor", maana alisema deni liandikwe juu yake. Mzee wa kanisa anayesaini haraka baada ya ibada ajue kwanza anasaini kama Paulo yupi.

Na tusiandike "the committee has approved" kuhusu fedha ambazo mfadhili hajazitoa. Kuidhinisha ni kwa mwenye mamlaka. Sisi tuna-"support", au tuna-"endorse", neno lililotokana na kuandika mgongoni mwa karatasi, kama hundi.

Mtu anaweza kusema haya ni ya wasomi. Lakini vijana wetu wakifika Tunduma, wakivuka tu kwenda Nakonde, lugha ya ofisi ni Kiingereza, na karatasi tuliyowapa ndiyo inayowasemea.

Hapa nina barua tatu za zamani, majina nimeyafuta. Moja ni ile yangu. Tugawanyike katika vikundi vitatu, kila kikundi kiandike upya barua moja kwa Kiswahili kwanza, halafu kwa Kiingereza. Tunarudi saa tano.